Ulingo, jukwaa, uga au medani: lipi liende kwenye habari yako?

Fungua kurasa za siasa za gazeti la Kiswahili, utakuta mwalimu mstaafu "amejitosa katika ulingo wa siasa". Pindua uende burudani, kuna binti wa ohangla, muziki wa Waluo, ambaye naye "ameingia ulingo wa muziki". Kurasa za nyuma kabisa bondia kapanda ulingoni, na huyo angalau yuko kwake. Ulingo mmoja, shughuli tatu zisizofanana hata kidogo.

Kazi yangu ni kuhariri taarifa za Kiswahili za redio hapa Kisumu. Wengi wanaoniletea nakala ni vijana wa hapa, wa Kakamega na wa Nakuru, na siasa za kwao wanazijua kunishinda. Habari yenyewe huwa sawa. Shida iko kwenye picha. Wana maneno manne ya kutajia mahali watu wanaposhindania kitu, nao huyatumia kwa zamu ili wasirudie neno moja: ulingo aya ya kwanza, jukwaa aya ya pili, uga aya ya tatu, na medani ya kufungia kazi. Shuleni waliambiwa kurudia neno ni dhambi. Basi mheshimiwa anaanza taarifa akiwa na glavu mikononi, katikati kashika kipaza sauti, na kabla ya mwisho ameshavaa daluga.

Kwa mwenye haraka, ushauri wangu ni huu. Ulingo uwe wa wawili wanaolingana, na pambano lenye mwisho. Jukwaa ni la mtu anayetafuta masikio. Uga ni wa pande zenye timu, kanuni na mtu wa kupuliza kipenga. Medani ifungie kabatini mpaka siku utakapoihitaji kweli. Na mara nyingi kuliko tunavyopenda kukiri, hakuna hata moja kati ya hayo manne linalohitajika. Mwenye nafasi asome sababu.

Ulingo

Neno hili halikuzaliwa kwenye ndondi. Ulingo ni dungu, kile kichanja kirefu cha miti kinachosimamishwa shambani ili mtu akae juu kuamia ndege au kufukuza nyani. Anayeishi karibu na mashamba ya mpunga ya Ahero anaijua kazi hiyo hata kama neno halitumii. Mpunga unapoanza kujaa, kwelea hushuka kwa makundi yanayotia giza, na kuanzia alfajiri kuna watu wanapiga mikebe, wanarusha udongo kwa kombeo, wanapayuka mpaka sauti zinakauka. Mtu wa dunguni hapigani na mtu. Yuko juu ili aone mbali, wala hajali kuonekana.

Maana hiyo imebaki kwenye kamusi na kwa wakulima wachache. Ndondi ililichukua neno, na leo msomaji akiona "ulingoni" anaona kamba, kona mbili na watu wawili. Mwandishi hawezi kushindana na picha iliyokwisha kukaa kichwani mwa watu, kwa hiyo tuipime kwa vipimo vya ndondi.

Kipimo cha kwanza: nani yuko kona ya pili? Yule mwalimu mstaafu aliyetangaza kuwania udiwani hana mpinzani bado. Kuna minong'ono tu ya wengine watano wanaopima upepo. Ukimweka ulingoni, yuko peke yake na kengele imelia. Huyo "ametangaza kuwania kiti", na sentensi hiyo inajitosheleza.

Kipimo cha pili ndicho kinachosahaulika zaidi, nacho ni uzani. Nakuru wanalijua hili kuliko wengi wetu. Ni mji wa ndondi, mji wenye ukumbi wa mazoezi waliouita Madison Square Garden bila kuona haya. Jina la Philip Waruinge halitenganishwi na mji huo. Alileta shaba ya Olimpiki kutoka Mexico mwaka 1968 pamoja na tuzo ya Val Barker, inayopewa bondia bora wa mashindano yote, na mwaka 1972 akaleta fedha kutoka Munich. Mara zote mbili alipigana uzani wa unyoya, na wenzake wote walikuwa wa unyoya. Hakuna refa anayeruhusu mtu wa unyoya avaane na mtu wa uzani mzito, maana hapo mchezo umekwisha na kilichobaki ni mtu kuumizwa hadharani.

Sasa soma kichwa kama "Gavana na mama mboga waingia ulingoni". Mmoja ana askari wa kaunti, mawakili na bajeti. Mwenzake ana sinia la sukuma wiki na leseni ya siku. Neno ulingo limewapa wote glavu za ukubwa mmoja, na msomaji akimaliza anadhani ulikuwa ugomvi wa watu wawili wenye hasira sawa. Mwandishi hakutaja uongo wowote, ila picha yake imeutaja kwa niaba yake. Gavana na seneta wake, sawa. Wawaniaji wawili wa kiti kimoja, sawa sana. Wenye nguvu na wasio nazo, hapana.

Cha tatu ni mwisho. Raundi huhesabiwa, kengele hulia, mkono wa mmoja huinuliwa. Siasa zetu zina tabia ya kukatiza pambano katikati. Mtu aliyeandika mwaka mzima wa 2017 kwamba Uhuru Kenyatta na Raila Odinga wako ulingoni alijikuta mnamo 9 Machi 2018 akiwatazama wakipeana mikono kwenye ngazi za Harambee House, ofisi ya rais. Nani alishinda kwa pointi? Picha ya ulingo haikuwa na jibu, ndiyo maana siku chache baadaye kila mtu alikuwa anasema "handisheki" na ulingo ukasahaulika.

Halafu kuna kitenzi. Kujitosa ni kujitupa majini. Anayejitosa huzama kwanza, ndipo aibuke au asiibuke, na wavuvi wa Dunga watakwambia hivyo. Ulingo, uwe wa shambani au wa ndondi, uko juu, mtu huupanda. "Kujitosa ulingoni" ni kupiga mbizi kwenye ubao. Ama ajitose katika siasa, ama apande ulingoni. Msemo huu mseto umeenea sana, na najua sitaushinda, lakini katika nakala zinazopita mezani kwangu nitaendelea kuukata.

Upande wa sanaa ulingo hautumiki vibaya kwa makusudi, hutumika kwa uzembe. "Aliingia ulingo wa muziki mwaka 2015" ina maana tu kwamba alianza kuimba mwaka huo. Alipigana na nani? Kama unataka nomino, sema tasnia, au fani. Ila wasanii wawili wa kufoka wakikubaliana wakutane usiku mmoja mbele ya mashabiki wao, kila mmoja na mistari ya kumwangusha mwenzake, hapo ulingo umepata watu wake halali: ni wawili, wanalingana, kuna zamu na kuna kelele za kuamua mshindi. Hata taulo linaweza kurushwa.

Jukwaa

Jukwaa ndilo neno salama kuliko yote manne, na usalama wake ndio unaolifanya lichoshe. Halihitaji mpinzani. Linahitaji mtu mmoja aliye juu na wengi walio chini wanaomtazama. Mtu hulipanda, hulishuka, humpisha mwenzake, akiwa hodari huliteka. Lina mbele na lina nyuma, na yale ya nyuma ya pazia ndiyo yanayomlipa mwanahabari mshahara.

Kwa siasa linafaa kila mahali pa maneno: mkutano wa hadhara, kongamano la magavana, mjadala wa runinga. Angalia tu kwamba wanasiasa wetu hawatumii jukwaa lenyewe siku hizi. Kule Kondele, hapa Kisumu, mheshimiwa husimama juu ya gari, kichwa na kifua vikitokea kwenye paa, msafara ukitambaa na boda boda zikipiga honi pande zote. Ripota anayeandika "alipanda jukwaani akawahutubia wakazi wa Kondele" ametupa kitu kizuri alichokiona na kuokota neno la rafuni. Mwandike juu ya paa la gari. Tofauti ni kubwa: aliye jukwaani hawezi kuondoka ghafla, aliye juu ya gari anaweza kuondoka kabla ya swali la kwanza.

Kwenye sanaa jukwaa lina tatizo la kipekee, kwa sababu huko ni kitu halisi cha mbao. Ukiandika kwamba kikundi fulani cha maigizo Nakuru "kimekosa jukwaa", msomaji atauliza: wamenyimwa tarehe Nakuru Players Theatre, au hawana pa kutangazia kazi yao? Mawili hayo yana wa kulaumiwa tofauti. Kisumu ndiyo balaa zaidi. Ukumbi unaojulikana na kila msanii hapa una jina la mwanasiasa, Mama Grace Onyango, mwanamke wa kwanza kuwa meya wa Kisumu na, kuanzia 1969, mwanamke wa kwanza kuchaguliwa bungeni Kenya. Ndani yake zimefanyika tamthilia, na vimefanyika vikao vya vyama na wananchi. "Alipanda jukwaa la Mama Grace" inaweza kuwa habari ya Hamlet au ya hamasa. Katika ukurasa wa sanaa, kwa hiyo, nashauri jukwaa liachiwe maana yake ya mbao na taa, na ile ya mafumbo isemwe waziwazi: nafasi, fursa, ukumbi, kipindi, kituo.

Nitoke nje kidogo ya njia. Waandishi wa siasa wamejikopea kutoka sanaa maneno ya kudharau: sarakasi, maigizo, mchezo wa kuigiza. Madiwani wakirushiana viti, kesho yake ni "mchezo wa kuigiza katika bunge la kaunti". Sijui waigizaji wamewakosea nini. Katika mchezo wa kuigiza watu hufanya mazoezi kwa wiki nyingi, hungoja zamu zao, na hakuna anayezungumza mistari ya mwenzake. Sarakasi nayo ni nidhamu ya mwili ambayo diwani wa kawaida hataiweza hata kwa malipo ya kikao. Madiwani walirushiana viti, na hiyo inatosha kuwa sentensi.

Uga, au uwanja

Haya mawili yanakaribiana na gazetini hubadilishana, ingawa uga una ladha ya Kenya zaidi, na uwanja una wingi wa kutatanisha: viwanja vya kujenga na kuchezea, nyanja za elimu na uchumi. Ukitaka wingi wa mafumbo, nyanja inafaa. Lakini hakuna anayeona tena nyasi wala magoli ndani ya neno nyanja, picha imeshafutika.

Uga ni neno la timu. Una mistari, una benchi la akiba, una refa ambaye nusu ya mashabiki wana hakika amehongwa. Kwa siasa za miungano, ambazo ndizo siasa zetu tangu 2002, uga unabeba mzigo kuliko ulingo: kiungo anaweza kuhamia timu pinzani, kipa anaweza kufungwa na beki wake, mchezaji anaweza kukaa benchi msimu mzima kwa sababu kocha hamtaki. Marehemu Raila Odinga alilijua hili kuliko mwandishi yeyote. Mkutano ukichangamka aligeuka mtangazaji wa kandanda, akawataja wanasiasa mmoja mmoja wakipasiana mpira, wengine wakikabwa, mpaka goli, na umati ukajibu kwa kishindo. Mtu mzima wa Nyalenda au Kibos hakuhitaji kufafanuliwa muungano ni nini. Alikuwa ameuona ukifunga bao.

Somo kwa mwandishi katika ile staili ya Raila si kwamba mpira hupendwa. Ni kwamba alikaa ndani ya picha moja mpaka mwisho. Hakuanza na pasi akamaliza na bomu.

Kasoro ya uga kwetu ni ile ile ya jukwaa kwa wasanii: siasa hufanyika ugani kweli. Muungano wa Jubilee ulitangazwa katika uga wa Afraha, Nakuru, 2 Desemba 2012. Aprili 2016, kesi zao katika Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, ICC, zilipokwisha, Uhuru Kenyatta na William Ruto walirudi pale pale kwa maombi ya shukrani. Musalia Mudavadi alitangazwa msemaji wa jamii ya Waluhya katika uga wa Bukhungu, Kakamega, siku ya mwisho ya 2016. Madaraka Dei ya 2021 ilisherehekewa katika uwanja wa Jomo Kenyatta kule Mamboleo, Kisumu. Katika miji hii, ukiandika "mabadiliko katika uga wa siasa za Nakuru", msomaji anaweza kufikiri unazungumzia ukarabati wa Afraha. Weka uga wa mafumbo mbali na uga wa nyasi, angalau usiwe katika aya moja.

Na refa? "IEBC ni refa", yaani tume ya uchaguzi, imeshakuwa msemo wa kawaida. Naikubali kwa sharti moja: refa huamua uwanjani papo hapo, lakini uamuzi wa tume hupelekwa mahakamani. Agosti 2017 matokeo ya urais yalitangazwa, na 1 Septemba Mahakama ya Juu ikayafuta. Kwenye kandanda kitu kama hicho ni nadra sana. Picha ikishagota hapo, iache, andika sheria kama ilivyo.

Medani

Medani ni uwanja wa vita. Hata wanaoliandika bila kufikiri husikia chuma ndani yake, ndiyo maana wanalipenda kwenye vichwa vya habari. Linakuja na jamaa zake: kushambulia, kujihami, ngome, majeruhi, kurudi nyuma, kufyeka.

Mahali pengine hili lingekuwa suala la ladha tu. Nakuru, Naivasha, Eldoret na Kisumu si mahali hapo. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 Tume ya Waki, iliyochunguza ghasia zilizofuata, ilihesabu watu 1,133 waliouawa, na mamia ya maelfu walihama makwao. Kuna watu wanaosikiliza redio yetu ambao kwao "medani ya siasa za Bonde la Ufa" si tamathali. Wanaikumbuka kwa majina ya mitaa.

Tena hapa ndipo tunapoona neno la kila siku linavyoweza kuchukuliwa na siasa lisirudi. Madoadoa ni madoa kwenye nguo, au kwenye ndizi iliyoiva. Katika siasa za Bonde la Ufa lilipewa maana ya watu wasiotakiwa mahali fulani. Januari 2022 mwanasiasa mmoja alikamatwa baada ya kulitamka mkutanoni Eldoret, na Aprili mwaka huo Tume ya Uwiano na Utangamano, NCIC, ikaliweka katika orodha ya maneno ya kuchochea chuki. Wala halikuwa neno la vita. Sasa fikiria yaliyo ya vita tangu mwanzo.

Kwa hiyo siasa za mkoa huu mimi huziandika bila medani. Ngome huipitisha, shingo upande. "Kisumu, ngome ya ODM", chama alichokiongoza Raila, imezoeleka kiasi kwamba hakuna anayeona mizinga, ila bado inawageuza wapiga kura kuwa mawe ya ukuta: hawafikiri, hawahami, kazi yao ni kulinda wa ndani. "Eneo ambako ODM ina wafuasi wengi" ni refu, lakini lina watu ndani.

Ajabu ni kwamba medani inakaa vizuri zaidi kwenye sanaa, hasa ushairi. Malenga wa Kiswahili wamekuwa wakijibizana kwa tungo tangu zamani. Muyaka bin Haji wa Mombasa alitunga mashairi katikati ya uhasama halisi wa mji wake na utawala wa Zanzibar, karne ya 19. Washairi wakirushiana mafumbo, ukasema wako katika medani ya ushairi, hakuna anayefunga duka akakimbia. Neno zito limepata kazi inayolingana na uzito wake.

Habari moja, maneno manne

Chukua habari ya kubuni, ya aina inayotokea kila kaunti. Gavana anataka wachuuzi waondoke kando ya barabara waingie soko jipya. Mwakilishi wadi anapinga. Vichwa vya kwanza vitakavyokujia ni hivi:

"Gavana na diwani wapanda ulingoni kuhusu wachuuzi." Kinavutia, kinasomeka hewani vizuri. Wachuuzi wamekuwa watazamaji wa jambo lao wenyewe.

"Suala la wachuuzi lapanda jukwaani." Limepoa. Linafaa ikiwa ni kweli mheshimiwa ameanza kulitumia kwenye mikutano yake, vinginevyo halisemi chochote.

"Wachuuzi wageuzwa mpira katika uga wa siasa." Wachuuzi wamerudi, tunajua wanapigwa mateke na nani. Hiki ningekitumia siku ya tatu ya habari, wakati tayari tuna ushahidi kwamba pande zote mbili zinacheza. Siku ya kwanza ni hukumu ya mapema.

"Soko lageuka medani." Kisome kwa sauti saa moja jioni, kisha hesabu simu zitakazoingia kutoka kwa watu wenye ndugu sokoni.

Na hiki: "Gavana ataka wachuuzi wahame, diwani akataa." Hakina picha yoyote, na ndicho ninachokisoma hewani.

Jaribu tena kwa sanaa. Isukuti, ngoma ya Waisukha na Waidakho wa Kakamega, iliingizwa na UNESCO mwaka 2014 katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka. Mwandishi akitaka kueleza hali yake leo, mkono utakimbilia "isukuti yatafuta jukwaa". Subiri. Isukuti haikuwahi kuwa ya jukwaa. Ni ngoma ya harusi, ya matanga, ya kuwasindikiza fahali wa kupigana, na hupigwa uwanjani mwa boma, wachezaji na wenyeji wakiwa wamechanganyika, vumbi ni la wote. Ukiipandisha jukwaani umewatenga wa juu na wa chini, na hilo ni sehemu ya mashaka yake. Neno lake ni uwanja, kwa maana ya kawaida kabisa ya mbele ya nyumba. Kati ya mifano yote hapa, huu ndio ambao neno lisilo la mafumbo lina nguvu kuliko yote.

Nimetaja fahali. Waandishi wa Kakamega wana bahati, kwa sababu wana picha yao ambayo haikupitia ndondi. Mapema asubuhi Khayega au Malinya, fahali wawili huletwa kwa nyimbo, wenyewe wakiwasifu kama wabunge, na uzio ni watu. Anayegeuza mgongo ndiye aliyeshindwa, na upande anaokimbilia watazamaji hutawanyika wakiruka mitaro. Hakuna kamba. Watazamaji wako ndani ya hatari. Hiyo inafanana na siasa zetu kuliko ulingo wowote, na ukiandika "mafahali wawili" kwa msomaji wa magharibi usilazimike kumalizia na methali ya nyasi. Anaijua, na anajua yeye ndiye nani ndani yake.

Yamebaki madogo ya sarufi. Wingi wa ulingo ukwepe, andika upya sentensi. Uga, nyuga. Jukwaa, majukwaa. Medani haibadiliki: medani hii, medani hizi. Bado lipo lile pengo la mwenye nguvu na asiye nazo, gavana na mama mboga, ambalo hakuna hata neno moja kati ya manne linaloliziba. Hapo hutumia kitenzi: amemfukuza, amemnyang'anya, amemshtaki, au mama amemkabili.